Kivukoni hadi Kariakoo: mji alioanzisha Sultani wa Unguja, na nyumba walizozijenga bibi zetu



Kila ukikaribia msimu wa harusi tunaulizwa maswali yaleyale. Kariakoo twende siku gani? Khanga za jumla tununue mtaa upi? Boti ya asubuhi ikifika, tutawahi kurudi na ya jioni? Hayo tumeshayajibu mara nyingi na inshaallah tutayajibu tena. Leo tunataka tuuzungumze mji wenyewe, kwa sababu tumegundua, na tunaona haya kusema, kwamba tumeshuka bandarini Dar es Salaam mara zisizo na hesabu bila ya kujua tunapita mbele ya nini.

Aliyetufumbua macho ni shangazi yetu mmoja wa Kariakoo. Tulikwenda kwake na mwali wetu, tumebeba mifuko mpaka mikono inauma, tukaomba maji ya kunywa na pahala pa kusali adhuhuri. Akatutazama akasema, "Nyinyi watoto wa Unguja mkija huku mnaona vioo vya maduka tu. Hii nyumba mnayokaa, mnajua nani kaijenga?" Tulinyamaza. Yaliyofuata ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii, na nyumba hiyo tutairudia.

Tuanze pale boti inapofunga.

Ukitoka nje ya geti la boti za Zanzibar, kabla hujapambana na wabeba mizigo na madereva wa bajaji, inua macho uvuke barabara ya Sokoine kwa macho tu. Utaliona jengo jeupe la ghorofa moja, kuta nene, milango ya kuchonga ambayo ungeiona Shangani au Malindi usingeshtuka hata kidogo. Hilo ndilo Boma la Kale. Limejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti, mnamo 1866 na 1867, kwa amri ya Seyyid Majid bin Said, mfalme wetu wa Unguja, ili wageni wake wapate pa kulala. Kasri lake mwenyewe lilikuwa karibu na hapo na halipo tena. Boma limebaki, na siku hizi ni kituo cha urithi wa majengo ya mji, unaweza kuingia ukaangalia picha na ramani za zamani. Ni katika majengo ya mwanzo kabisa ya Dar es Salaam, na ni kazi ya mikono ya kwetu.

Kabla ya Majid palikuwa na kijiji, Mzizima, cha Washomvi na Wazaramo, wavuvi na wakulima. Majid alimrithi baba yake, Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki 1856, na akaurithi pamoja na ugomvi wa nyumbani. Mnamo 1859 mdogo wake Barghash alijaribu kumpindua, na dada yao Salme, yule tunayemjua kwa kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, alikuwa upande wa Barghash na ndiye aliyewaandikia barua zao. Katika familia hiyo hata wanawake waliokaa ndani walikuwa na kalamu. Jambo hili huwa tunalisahau tunaposimulia kuwa bibi zetu wa zamani walikuwa wakikaa kimya.

Katika miaka ya 1860 Majid akaitazama ile bandari ya Mzizima, yenye maji yaliyotulia na mlango mwembamba, akaona hapa patafaa kuwa mji wake wa bara, misafara ipite hapa na yeye apumzike na macho ya mabalozi wa Unguja. Akaita wafanyabiashara wa Kihindi na Waarabu wa Hadhramaut, akapanda minazi, na mwaka 1867 akawafanyia karamu mabalozi wa nchi za Magharibi katika mji wake mpya. Jina akaupa Dar es Salaam. Wako wanaosema maana yake ni bandari ya salama, wako wanaosema nyumba ya amani. Sisi Waislamu jina hilo tunalijua pia kutoka kwingine. Limo ndani ya Qur'an, katika Surat Al-An'am aya ya 127 na Surat Yunus aya ya 25, nalo ni jina la Pepo.

Hapa hatutaki kupamba. Nyumba hizo za amani zilijengwa na watumwa kwa sehemu kubwa, na minazi ile ilipandwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Mji ulioitwa kwa jina la Pepo ulianza kwa jasho la watu wasiolipwa, na katika hao walikuwamo wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao. Tunalitaja kwa sababu wengi wetu damu yetu imechanganyika na pande zote mbili, ya waliojengesha na ya waliojenga.

Majid akafariki Oktoba 1870, kazi haijesha. Barghash alipokalia kiti hakuwa na haja na mji wa kaka yake. Nyumba zikaachwa, majani yakaota. Kwa miaka kumi na saba hivi Dar es Salaam ilikuwa gofu lenye wakulima na wavuvi, mpaka mwaka 1887 Wajerumani walipofika, na 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo.

Ya Wajerumani tutayapita haraka, maana yameandikwa sana na wengine. Ukitembea kutoka bandarini kuelekea Kivukoni utaona makanisa yao mawili, la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu lililo karibu sana na boti zetu, na la Walutheri la Azania lenye vigae vyekundu, yote yalikamilika mnamo 1902. Hospitali ya Ocean Road ni ya 1897. Miaka hiyo hiyo ilisimama hospitali nyengine kwa fedha za tajiri wa Kihindi, Sewa Haji, na hiyo ndiyo iliyotibu Waafrika na Wahindi, kwa sababu ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Jina la Sewa Haji mpaka leo liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Bustani ya miti ilianzishwa 1893. Na kitu kimoja kikubwa kuliko majengo yote ni kwamba waliugawa mji. Sheria yao ya ujenzi ya 1891 ilipanga aina ya nyumba kwa mtaa, ya mawe ya kizungu huku, za Wahindi pale, za udongo na makuti kule. Hawakuhitaji kuandika rangi ya mtu. Nyumba ilimsemea.

Kivukoni penyewe

Kivukoni maana yake wazi, pahala pa kuvukia. Upande wa pili ni Kigamboni, na pantoni inakwenda na kurudi mchana kutwa, watu wamesimama bega kwa bega na baiskeli, magari na matenga ya kuku. Tangu Aprili 2016 kuna daraja kule Kurasini, lakini pantoni haijapungukiwa na watu. Ng'ambo hiyo hiyo ndipo kilipofunguliwa Chuo cha Kivukoni mwaka 1961, cha kuwasomesha watu wazima waliokuwa wakijiandaa kuongoza nchi mpya. Siku hizi kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Mwisho wa barabara ya ufukweni, kabla ya Ikulu, liko soko la samaki, Feri. Ukifika alfajiri utasikia mnada kabla hujauona. Ngalawa na mashua zinatua, samaki wanamwagwa mezani, bei zinapandishwa kwa sauti. Madalali wengi ni wanaume. Lakini simama nusu saa, uangalie nani anaondoka na ndoo. Ni akina mama, wamefunga khanga kiunoni, wananunua vibua, dagaa na vichwa vya samaki, wanakwenda kukaanga na kuuza mitaani Buguruni, Temeke, Tandika. Mji mzima unakula chakula cha jioni kutoka kwenye hizo ndoo. Hakuna mnara wa kuwakumbuka, na hatudhani kama wameuomba. Wanachoomba ni kivuli na choo safi, hayo waliyatuambia wenyewe.

Ikulu ilikuwa nyumba ya gavana wa Kijerumani. Ikapigwa mizinga na manowari za Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia, na Waingereza hao hao wakaijenga upya 1922. Karibu na hapo, nyuma kidogo ya bahari, iko Makumbusho ya Taifa iliyofunguliwa 1940, na Ukumbi wa Karimjee. Hao Karimjee ni watu wa kwetu pia. Biashara yao ilianzia Unguja katika karne ya 19 kabla hawajavuka bara. Ukumbi wao ukawa bunge la kwanza la nchi, na Spika wa kwanza alikuwa Abdulkarim Karimjee. Muunguja akitembea Kivukoni anaweza kujiona mgeni, kumbe kila hatua ya pili kuna jina la kwao.

Jengo moja tunaomba mlitazame kwa makini zaidi, hasa nyinyi mnaojiandaa kuolewa. Ni la Mahakama ya Rufani, pale ufukweni. Enzi za Mwingereza lilikuwa klabu ya Wazungu, mtu mweusi akiingia ni kwa kubeba sinia. Mahakama yenyewe iliundwa 1979. Mwaka 1983 ilitoa hukumu ambayo mawakili wa Tanzania Bara wanaitaja mpaka leo. Mke wa Kiislamu aliyeachika aliomba sehemu ya mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Hakuwa na mshahara. Swali likawa, je, kupika, kufua na kulea ni mchango? Majaji, akiwamo Jaji Mkuu Francis Nyalali, walisema ndiyo, kazi ya nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971. Dada huyo mwenyewe hakupata alichokiomba, kwa sababu mahakama iliona mume alishampa fedha za biashara na hazikusimama. Lakini mlango aliougonga ulifunguliwa, wakapita wengine. Sheria hiyo ya 1971 ni ya Bara. Kwetu visiwani mambo ya ndoa yanakwenda Mahakama ya Kadhi. Hata hivyo dada zetu wengi wanaolewa huko, na ni vizuri ukajua ulikoolewa kunahukumiwa vipi.

Njia ya kwenda Kariakoo

Panda mwendokasi pale kituo cha Kivukoni, ni mwanzo wa safari hivyo kiti kinapatikana ukiwahi. Basi linapita katikati ya mji, na kabla hujafika Fire linakata barabara pana yenye jina la mwanamke. Bibi Titi Mohamed. Wengi tunalisoma jina hilo kwenye kibao kama tunavyosoma jina la duka.

Alizaliwa Dar es Salaam Juni 1926, binti wa Kiislamu. Alipovunja ungo akawekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, na akaozwa akiwa na miaka kama kumi na minne kwa mtu mzima sana kuliko yeye. Ndoa hiyo haikudumu. Aliyoyajua katika ujana wake ni yale waliyoyajua wasichana wengi wa wakati wake, maulidi, ngoma, sauti. Sauti yake ilikuwa nzuri, akiongoza nyimbo katika kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa katika nyumba ya chama cha zamani, African Association, iliyojengwa kwa kujitolea na wanachama wake. Chama hicho cha zamani kilianza 1929, na katika waanzilishi wake alikuwamo Kleist Sykes, ambaye pia alikuwa nguzo ya jumuiya ya Waislamu, Al-Jamiatul Islamiyya, iliyoanzishwa 1933 na ikajenga skuli yake hapo hapo Kariakoo. Nyumba ya TANU ilikuwa New Street, leo Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Mnazi Mmoja. Bibi Titi na mume wake wa wakati huo, Boi Selemani, walikuwa katika wanachama wa mwanzo kabisa, kadi yake ilikuwa namba 16. Mwaka 1955 akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza, "Wanawake wenu wako wapi?" Viongozi wakasema wapo. Hawakuwapo. Ndipo akatafutwa Titi.

Alichokifanya ndicho kinachotufurahisha. Hakwenda kuitisha mkutano wa hadhara. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, wanawake waliokuwa wakichangiana sare, wakipikiana kwenye harusi na kuzikana. Mtandao ulikuwa tayari, umefumwa kwa harusi na misiba. Akawaambia, kadi hizi hapa. Katika miezi michache wakaingia kwa maelfu, mpaka wanaume wakawa wachache kuliko wanawake katika daftari la chama mjini. Wengi wao hawakuwa wamesoma skuli ya serikali. Qur'an walikuwa wameisoma.

Tunajua kuna dada watasema, haya ya siasa yametujia vipi kwenye ukurasa wa harusi? Jibu ni kuwa yalitokea kwenye harusi. Wale waliokuwa wakipanga sare za khanga ndio walioipanga TANU ya Dar es Salaam.

Mwisho wake haukuwa mwepesi. Baada ya Uhuru alikuwa naibu waziri, akapoteza ubunge katika uchaguzi wa 1965, na 1969 akakamatwa kwa kesi ya uhaini. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Miaka mingi jina lake halikutajwa. Barabara ilikuja kupewa jina lake baadaye sana, na alifariki Johannesburg, Novemba 2000. Allah amrehemu.

Jina la Kariakoo

Kabla ya vita vya kwanza Wajerumani walikuwa wameshapima viwanja vya Kariakoo kwa ajili ya Waafrika, mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, na soko katikati. Baina ya mtaa huu na mji wao waliacha uwanja mtupu, na huo ndio Mnazi Mmoja. Vita vikaingia 1914. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps. Watu wakalitamka kwa ulimi wao, ikawa Kariakoo.

Wapagazi hao hawakuwa na bunduki. Walibeba unga, risasi na majeruhi, kwa miguu, kutoka mwambao mpaka mipaka ya Msumbiji. Hesabu inayotajwa sana ya waliokufa upande wa Waingereza peke yake inafika karibu 95,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kule mjini, kwenye mzunguko wa barabara ya Samora, kuna sanamu ya askari iliyowekwa 1927 kuwakumbuka. Lakini tazama majina ya mitaa ya Kariakoo. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti. Tumenunua maua ya harusi, mashuka na mabeseni kwenye mitaa hii bila ya kujua kuwa hayo ni majina ya pahala walipopigana watu kusini mwaka 1917. Mahiwa peke yake, siku nne za Oktoba, palimwagika damu nyingi kuliko takribani pigano jengine lolote la vita hivyo katika nchi hii. Kila mpagazi aliyekufa alikuwa mtoto wa mwanamke fulani. Wengine waliacha wajane, na baadhi ya wajane wakaja mjini.

Soko lenyewe, lile lenye mapaa kama miavuli iliyogeuzwa, alilichora Beda Amuli, katika wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo wa Afrika ya Mashariki. Lilifunguliwa 1975. Mapaa yale hayakuwa pambo tu, yanakusanya maji ya mvua na kuleta hewa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likashika moto, na wauzaji wengi, wakiwamo akina mama wa viungo na nafaka, wakaamka hawana kitu.

Nyumba ya shangazi

Sasa turudi kwenye nyumba tuliyoombea maji. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyumba za Kariakoo nzima, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, baraza mbele, uani nyuma pana jiko na choo. Aliijenga bibi yake shangazi, mwanamke aliyekuja kutoka mwambao baada ya kuachika, akauza vitumbua asubuhi na maandazi jioni, akashona ukili, akaweka senti juu ya senti. Alipokuwa na chumba kimoja alipangisha cha pili, cha pili kikajenga cha tatu. Kiwanja kilikuwa cha serikali, unalipia kila mwaka, lakini nyumba ilikuwa yake, na kwenye karatasi ya kodi liliandikwa jina lake yeye. "Si jina la mume," shangazi alisema, na alisema mara mbili.

Hakuwa peke yake. Wanawake wenye nyumba walikuwa wengi Kariakoo enzi za Mwingereza, wajane, walioachika, na wengine wazao wa watumwa walioachwa huru ambao nyumba ndiyo ilikuwa uungwana wao. Kupangisha vyumba ilikuwa kazi ya heshima ambayo mwanamke aliweza kuifanya akiwa ndani ya nyumba yake, hijabu yake haijasogea. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, maghorofa ya mjini yalichukuliwa. Vibanda vya makuti na mabati vya bibi zetu havikufika thamani hiyo. Vikabaki.

Vilichoshindwa kukihimili ni bei. Biashara ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ndani ya 1990, kiwanja cha Kariakoo kikawa dhahabu. Mtindo unajulikana. Anakuja mwenye fedha, anasema toeni kiwanja, mimi nitoe jengo, nyinyi mtapata ghorofa kadhaa. Nyumba ya bibi mmoja ina warithi ishirini. Wanaoitwa mezani kuzungumza ni kaka. Dada mmoja yuko Tanga, mmoja Pemba, mmoja Maskati, wanapigiwa simu kuambiwa kuwa mambo yamekwisha na sehemu yao "itaangaliwa".

Ndivyo ilivyo kwa nyumba ya shangazi. Kuna karatasi ya makubaliano, na yeye hajaisoma, kwa sababu imeandikwa Kiingereza. Hatutaji mtu. Kaka zake si watu wabaya, wanamletea dawa na mchele. Lakini sehemu ya mwanamke katika mirathi si zawadi ya kaka. Surat An-Nisaa, aya ya 7, imeitaja kuwa ni fungu lililofaradhishwa, mali iwe kidogo au nyingi. Tulimwambia tutamtafutia mtu wa kumsomea karatasi ile neno kwa neno kabla hajaweka kidole. Alisema, "Kidole? Mimi naandika jina langu."

Hatuna chuki na maghorofa. Khanga zetu wenyewe tunanunua kwenye maghorofa hayo. Ila tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, ghorofa moja liliporomoka hapo hapo Kariakoo juu ya watu waliokuwa kazini, na wengi walikufa, Allah awarehemu. Tangu siku hiyo tukipita Mtaa wa Kongo tunatazama juu.

Na khanga zenyewe zina habari zao. Maduka ya jumla ni ya Mtaa wa Uhuru, zamani Kichwele, kwa hiyo usikubali kuzungushwa na vijana ndani ya soko. Khanga za mwanzo zenye maneno ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na duka lililoyapa maneno hayo umaarufu ni la Mombasa, la Kaderdina Hajee Essak, lile la Mali ya Abdulla. Unguja, baada ya utumwa kufutwa 1897, mwanamke aliyekuwa akivaa kaniki alinunua khanga kwa senti zake ili watu wamuone ni muungwana. Sare ya harusi unayoichagua leo kwa rangi tu ilikuwa karatasi ya uhuru ya mtu fulani.

Siku ile baada ya sala, mwali wetu alikaa na shangazi ukumbini wakati sisi tunafunga mizigo. Tulisikia wakiulizana mambo ya mahari. Mwali alikuwa ameshakubaliana na upande wa pili, seti ya kitanda, kabati na kiasi cha fedha. Shangazi akamuuliza vitu hivyo vitakuwa kwa jina la nani, na nyumba mtakayokaa imeandikwa nani. Hakuwa na jibu. Njiani, ndani ya mwendokasi tukirudi Kivukoni, akafungua simu akampigia baba yake, na tulimsikia akisema kwa adabu zote kwamba kitanda hakitaki, anaomba thamani ya kitanda na kabati iwekwe kwenye kiwanja kile cha Fuoni walichokwishaangalia, hata kama ni sehemu tu, iandikwe jina lake. Mahari ni haki ya mke, Surat An-Nisaa aya ya 4, na yeye ndiye anayeitaja. Baba alinyamaza kidogo, kisha tukasikia akicheka.

Boti iliondoka tukiwa tumekaa juu, upande wa kulia. Mji ulipoanza kusogea nyuma, jengo tulilolitambua mara ya kwanza lilikuwa Boma la Kale, jeupe, dogo, katikati ya maghorofa ya vioo. Mwali akalipiga picha. Karatasi ya shangazi ilikuwa ndani ya mkoba wetu, tumeipiga nakala, na Jumatatu tuna miadi na dada mmoja wakili.